Kichanja cha Saladi za Radhamés

Mume wangu Radhamés tulimzika Jumanne, na Jumatano nikamwita Leocadio seremala aanze kazi uani. Watu waliguna. Hapa Jarabacoa mjane anakaa sebuleni siku zote tisa za sala, anapokea pole, analetewa kahawa. Pole nilizipokea. Nilizisikia kama redio ya nyumba ya pili.

"Shemeji, si tungemaliza kwanza hizi tisa?" aliniuliza Leocadio.

"Miche haisubiri."

Radhamés alikuwa ameotesha saladi kwenye vikombe vidogo visivyo na udongo, na mizizi ilikuwa imeshatokeza chini, myeupe. Trei lilikuwapo, pana kama kitanda. Pampu inapandisha maji kutoka kwenye pipa, trei linafurika, mizizi inakunywa, maji yanarudi pipani. Kilichokosekana ni kichanja cha kulibeba, na Radhamés alipanga kukijenga wiki ileile aliyokufa. Nilitaka ile miche isife. Kitu kingine sikutaka, hata chakula.

Leocadio alichukua nguzo nene za msonobari, akazifunga kwa mbao za mshazari kila upande.

"Usishangae unene wake," alisema. "Maji mazito, shemeji. Mazito kuliko mashoga zako wote wakikaa hapa na umbea wao."

Kila kiungo alikipaka gundi, kisha akapiga misumari mirefu. Siku ya mwisho ya sala ikaamkia mvua, gundi haijakauka vizuri, basi tukakiingiza sebuleni, tukakisimamisha kando ya ukuta. Nikaenda kuoga.

Nilipotoka, kina mama wa sala walikuwa wamekwisha kukitandika shuka jeupe. Juu yake picha ya Radhamés, mishumaa, maua, glasi ya maji.

"Nereyda, umemtengenezea mumeo madhabahu, mwenzetu," alisema shoga yangu Yocasta. "Hata padre hana kama hii."

Ilikuwa niseme palepale. Nikaona shuka ni safi, nikakaa.

Nyumba ilijaa mpaka barabarani. Uani, chini ya turubai, wanaume walibamiza dhumna na kusimulia vituko vya marehemu. Nilimwona dada mmoja kaja na mume wa mtu, tena kakaa karibu na mke mwenyewe, na sikumnong'oneza yeyote. Yocasta alinitazama kwa wasiwasi zaidi kwa hilo kuliko kwa kukosa kwangu machozi.

Mchana sala ikaisha. Doña Eduvigis, bibi anayetuongoza sala, akazima mishumaa, akakunja shuka. Baada ya hapo madhabahu hubomolewa yote, ili marehemu ajue kukaa kwake kumekwisha. Akawaita wanaume. Mmoja akaja na nyundo.

"Hiyo si madhabahu," nikasema. "Ni kichanja cha saladi."

Mtu alichekea puani, kisha akakohoa.

"Kilikuwa cha saladi," alisema Doña Eduvigis. "Tumeshamwombea juu yake, mwanangu. Kikibaki kimesimama, na yeye atabaki."

Nikamgeukia Leocadio. "Hakifunguki?"

"Kukifungua ni kukivunja, shemeji. Na mbao nyingine mpaka wiki ijayo."

Miche ilikuwa dirishani. Tangu asubuhi majani yalikuwa yamelala.

"Basi kisiguswe."

"Unamfunga mumeo, Nereyda."

"Na akae."

Nililisema kama mtu anayeomba chumvi. Doña Eduvigis akachukua rozari yake na mwavuli, akatoka. Wengine wakamfuata, wakipita mbali na kichanja, migongo imegusa ukuta. Wali wa mbaazi ulikuwa jikoni sufuria nzima, na hakuna aliyeuulizia. Yocasta, ambaye kwangu haondoki mpaka ufagie miguuni pake, aliniambia amesahau maharage motoni.

Akabaki Leocadio, kofia mkononi.

"Mimi naogopa pia, nikwambie kweli."

"Shika upande huo."

Tukakitoa mpaka barazani nyuma ya jiko. Akaweka pima maji, akachomeka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, akapima tena. Tukapandisha trei, nikawasha pampu. Maji yakapanda polepole. Mbao zikalia kidogo, zikanyamaza. Maji yakafika juu, yakarudi pipani yote, bila kuacha dimbwi. Tukapanga vikombe. Leocadio akajifanyia ishara ya msalaba, akauliza kama anaweza kwenda. Nikamwambia aende.

Nikawasha pampu mara ya pili, ingawa miche ilikuwa imeshakunywa. Nilisubiri nimhisi Radhamés kama kweli yupo. Maji yalipanda, yakashuka. Sikuhisi kitu, si hofu, si yeye. Nikakaa palepale sakafuni, maana ndani viti vitupu vilikuwa vingi mno.