Karatasi Hamsini na Mbili

Katika chumba chetu cha ushonaji vipimo havikuandikwa. Shule niliiacha mapema, na nilipoanza kushona sikuwa na futi ya kupimia. Nilitumia ukanda mrefu wa karatasi. Nauzungusha mwilini mwa mteja, nakata alama kwa mkasi penye bega, penye kifua, penye kiuno. Kila mteja na karatasi yake, zote kwenye msumari mmoja ukutani, bila majina. Macho yangu yalipofifia, alama zile ndogo zikanishinda, na aliyejua ipi ya nani akabaki mjukuu wangu peke yake. Zilikuwa karatasi hamsini na mbili.

Mjukuu huyo tulimwita Uzi, kwa wembamba wake. Mimi na yeye tuliitana mke mwenza, ingawa mume wetu, marehemu babu yake, alituacha yeye bado ananyonya.

Kifafa kilimwanza akiwa na miaka kumi na mmoja. Mara nyingi hakikumwangusha. Mkono ulisimama juu ya kitambaa, akatafunatafuna kinywa kitupu, macho yakaenda mbali. Nami nilimwondoa mguu kwenye cherehani nikamshika mpaka arudi. Alipofika miaka ishirini na minne, dawa tatu zilikuwa zimeshindwa.

Ndipo daktari akatueleza kuhusu upasuaji usiofungua fuvu. Wangetoboa kitundu kidogo nyuma ya kichwa, wapitishe kijiti chembamba cha leza, na joto lake liunguze pale kifafa kinapoanzia, huku wao wakitazama kwenye mashine ya picha.

"Umesikia, mke mwenza?" Uzi akasema. "Mwenzako natungwa kama shanga."

Daktari alicheka, kisha akaweka kalamu chini. "Sitakuficha. Sehemu yenyewe iko kushoto, jirani na kumbukumbu za maneno. Kwa njia hii, majina ya watu na vitu mara nyingi husalimika zaidi kuliko tukifungua fuvu. Lakini mambo mapya, ukiambiwa leo, huenda yakawa magumu kushika. Kwako itakuwaje, sijui."

Uzi hakuuliza kama itauma. Aliuliza, "Wateja wangu nitawajua?"

"Tutakupima kumbukumbu kabla, na tutakupima tena baadaye."

Nilikaa na lile swali lake siku zote mbili alizolazwa kwa upasuaji huo, mama yake akimwuguza. Nyumbani nilivaa miwani, nikashusha karatasi zote, nikaandika jina nyuma ya kila moja kwa herufi kubwa, kisha nikazirudisha msumarini. Nilizokumbuka nilikumbuka, nyingine nilikisia. Nilitaka akirudi hajui, asione haya mbele ya mtu.

Alirudi siku ya tatu. Alikipapasa kwa kidole kidonda chake kidogo cha kisogoni. "Huyu fundi mshono wake umepinda," akasema. "Angekaa kwangu mwezi mmoja tu, angenyooka."

Wiki ikapita, mbili, tano. Macho yake hayakwenda mbali hata mara moja. Lakini aliweza kuniuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, na karatasi za ukutani hakuzigusa. Alizipita kama mdeni anayepita mlango wa mtu anayemdai.

Asubuhi moja akaja mwalimu, mteja wetu wa miaka mingi, akaagiza gauni. Uzi akatandika kitambaa mezani, akakipiga chaki ya kwanza. Mchana mwalimu akarudi kuleta vifungo.

"Karibu, mwalimu," Uzi akasema. "Leo tunashona nini?"

Mwalimu akanitazama mara moja tu. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akaanza upya: gauni, mikono mirefu, kola ya duara, vifungo vinne. Hakusema "kama nilivyokwambia". Hakuharakisha. Hata lile la mkono wa kushoto usibane alilisema kwa utulivu, kana kwamba ndiyo kwanza limemjia.

Alipoondoka, Uzi akageukia meza, akaiona chaki yake mwenyewe.

"Alikuja asubuhi?"

"Alikuja, mama."

Akaenda ukutani akashusha karatasi, akaona maandishi.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

Akazigeuza zote, majina yakalala chini. Akachukua moja, akapitisha kidole kwenye alama, polepole, akafumba macho.

"Hii ya mwalimu. Bega la kulia limeshuka, ni kazi ya ule mkoba." Akaigeuza, akasoma nilichoandika. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. "Mke mwenza, umeandika muuza maziwa. Ungemvalisha yule mzee gauni la kola ya duara."

Tukacheka mpaka tukashikana. Kisha akazipitia zote. Kumi na tisa nilikuwa nimekosea. Mbili hakuzijua kabisa. Alizirudia na kuzirudia, mwisho akaziweka kando, akazifunika kwa kiganja.

"Za zamani zipo," akasema. "Hizi mbili wakija wenyewe nitawapima upya. Yanayovuja ni mapya. Sasa wewe uandike."

"Herufi zangu ni nzito, unajua."

"Andika tu, polepole. Na mimi siendi popote."

Nikachukua penseli. Gauni, mikono mirefu, kola ya duara, vifungo vinne, mkono wa kushoto usibane. Alikata kitambaa, akakaa kwenye cherehani, akashona ubavu mzima bila mguu kusimama. Alipofika shingoni akanyanyua kichwa.

"Kola alisema ya namna gani?"

Nikavaa miwani, nikamsomea, tangu neno la kwanza.