Fataki za Kumwita Sauda

"Wenye masikio mabovu wasogee! Fataki zangu hazijui kugoma. Leo mpaka Kivinje wataruka vitandani!"

Hata msibani Ridhiwani hakuweza kufunga mdomo. Babu yake, Mzee Tawakali, alikuwa amekata roho alfajiri ile, na mjomba Hussen alikuwa amemkabidhi gobore la marehemu. Pale kijijini, akifa mwenye bunduki, bunduki yake ndiyo hutoa habari. Hupigwa milio mitatu ya baruti tupu, na walioko mashambani ambako simu hazishiki huacha majembe wakaja.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bibi Sauda, dada pekee wa marehemu, aliyehamia ng'ambo ya bonde kulinda ufuta wake. Mzee alikuwa ameweka fataki tatu kwa ajili yake: vikofia vya shaba vya kuwashia baruti, vidogo kuliko punje ya hindi, ndani ya kikopo kilichozibwa kwa nta ya nyuki.

"Hizi si za nguruwe, mume mwenzangu," alimwambia mjukuu wake. "Hizi ni za kumwita Sauda. Nikizikwa hajaniona uso, nitakudai."

"Babu, wewe kufa tu, mengine niachie mimi," Ridhiwani alijibu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Sasa alivunja nta, akapachika fataki ya kwanza, akaelekeza mtutu juu. Kinyundo kikashuka.

Tak.

"Umeshindilia baruti?" mjomba Hussen akauliza.

"Nimeshindilia, mjomba. Unyevu tu huu."

Akazibua kitundu kwa pini, akaweka ya pili. Tak. Moshi mwembamba, kama wa mtu aliyeficha sigara.

Hapo utani ukamwisha, maana hakuna aliyezijua fataki zile kuliko yeye. Mzee alipolazwa hospitali ya Masoko, na kijiji kizima kikawa kimekwenda harusini Kivinje, Ridhiwani aliegemeza simu kwenye kinu, akavaa miwani ya jua, akazilipua zote tatu kwa gobore nyuma ya nyumba apate video ya kuweka status. Kweli alipendeza. Kisha akaokota vile vikofia vilivyopasuka, akavinyoosha kwa meno, akajaza unga wa vichwa vya viberiti, akaziba kwa rangi ya kucha, akavirudisha kikoponi na kukiziba upya kwa nta. Kuzijaribu hakuthubutu, zingelia, watu wangeuliza.

Angeweza kusema pale pale: tumeni mtu akamwite Bibi. Lakini wangemuuliza kwa nini, bunduki ipo. Basi akasema, "Subirini kidogo." Akapangusa. Akaanika fataki juani. Akapuliza. "Kidogo tu, mjomba, inakubali hii." Jua likapanda, waosha maiti wakaingia, wakatoka. Ya tatu ilipogongwa ikaruka na kupotea mchangani, kimya.

"Umetupotezea asubuhi nzima," alisema mjomba Hussen, akatuma kijana akimbie bondeni.

Ni mwendo mrefu kwenda, na mwingine kama huo kurudi. Bibi Sauda alisubiriwa hadi Adhuhuri. Baada ya hapo sheikh akasema maiti inasitiriwa, haiwekwi, na hakuna aliyebisha.

Bibi Sauda alifika matope magotini, wanaume wakinawa udongo wa kaburini. Hakulia. Alikaa kwenye jamvi, akavuta pumzi, akatazama lile gobore begani mwa mjukuu.

"Bibi, shikamoo. Pole, Bibi," Ridhiwani alianza, na maneno yakamjia yenyewe, kama kawaida yake. "Ni zile fataki. Babu aliuziwa feki kule Mingoyo. Tangu dukani zilikuwa mbovu, hata ungefanyaje..."

"Zilikuwa nzima."

"Bibi, nimezigonga mwenyewe..."

"Nilizisikia, zote tatu. Siku ya harusi ya Kivinje." Hakupandisha sauti. "Nilitupa jembe nikaja mbio nalia, najua kaka yangu kafia hospitali. Bondeni nikakutana na Leonard muuza mkaa anatoka Masoko, akaniambia kamwacha mgonjwa kakaa anakunywa uji. Nikacheka peke yangu njiani. Nikasema, huyo ni mume wangu tu, kachezea bunduki. Wala kaka sikumwambia, asije akakunyang'anya. Nilijua utatafuta fataki nyingine."

Mjomba Hussen akanyoosha mkono, akamvua gobore begani.

Tangu Ridhiwani azaliwe, Bibi Sauda hakuwahi kumwita ila "mume wangu".

"Haya, Ridhiwani," alisema. "Wewe ulimwona. Niambie, uso wake ulikuwaje?"