Uso Uliosafishwa

Siku dada yake alipofariki, fundi wa picha alikuwa akimtoa chunusi, kwenye kompyuta, bibi harusi mmoja asiyemjua hata kwa jina. Simu ya mama yake ilipoingia, aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, mama, nimesikia," akaiweka mezani kifudifudi. Kisha akamalizia paji la uso. Zilibaki chunusi nne. Alizifuta zote, akahifadhi kazi, ndipo akachukua mkoba wake.

Hilo hakumsimulia mtu. Lakini tangu siku ile, kila akikaa mbele ya kompyuta ya studio, aliigeuza simu kifudifudi kwanza.

Kazi yake ilikuwa kusafisha sura. Mteja akishapigwa picha, yeye anaifungua kwenye kioo cha kompyuta, anafuta makovu, anapunguza mashavu, anang'arisha ngozi kidogo na meno zaidi kidogo. Studio nzima walimwita Sabuni. Picha ambazo hazijapita mikononi mwake waliziita mbichi, na kila Ijumaa jioni mbichi zote zilifutwa. Ndivyo alivyotaka bosi.

"Tuziweke za nini?" alikuwa akisema. "Mtu akishapendeza hataki kukumbushwa."

Dada naye alikuwa mteja, tena msumbufu. Alikuja kila mwaka na binti yake, wakapigwa picha, kisha akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake akiagiza kama yuko sokoni. "Punguza hapo kidevuni. Usinibanie, Sabuni, mimi damu yako. Hicho kidevu cha pili kitoe, umpe anayekihitaji." Walicheka mpaka bosi akagonga ukuta.

Sasa binti huyo alikuwa anakaribia kutimiza miaka saba, na alikuwa amekaa miezi mitano bila mama. Siku moja akisukwa nywele aliuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa na nyusi kama zako?" Fundi akajibu ndiyo upesi upesi, lakini mkono wenye kitana ulisimama. Mtoto alikuwa ameanza kuupoteza uso wa mama yake. Hapo ndipo alipoamua kumchorea zawadi ya siku ya kuzaliwa: uso huo, mkubwa, uchorwe kwenye kompyuta kwa kalamu yake maalumu, uchapwe kwenye kitambaa kigumu na kutiwa fremu.

Alichora siku sita, saa za mapumziko ya mchana. Bosi alipenda kuja kumwegemea begani huku akitafuna. Siku ya tano chembe za biskuti zilidondokea shavuni mwa dada pale kwenye kioo, na bosi akazipangusa kwa kidole alichokilamba kwanza.

"Hapa Sabuni umejipita mwenyewe," alisema. "Nakala moja tutaitundika dirishani, wateja waone."

"Hii si ya dirishani."

"Marehemu hatakataa."

Fundi akakifuta kioo kwa upindo wa gauni, akaendelea kuchota rangi kutoka kwenye picha za zamani na kuipaka.

Siku ilipofika walikusanyika sebuleni kwa bibi, watu watatu tu. Bibi ndiye aliyefungua karatasi, kwa sababu mtoto alishindwa na gundi.

"Jamani, mwanangu," bibi akasema, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Ona alivyopendeza. Njoo, mke mwenza, mtazame mama yako."

Mtoto akasogea. Akaitazama ile picha kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Asante, mama mdogo. Ni mzuri. Ni nani?"

"We!" bibi akasema. "Macho umeyaacha shuleni?"

"Huyu hana kengele."

"Kengele gani tena?"

"Ile nyeusi ya usoni. Nikiibonyeza mama anasema ngriii, nani huyo? Kisha ananifungulia." Akafungua mikono yake kuonyesha.

"Ah, kile kidoa chake cha kuzaliwa," bibi akasema. " Mwenyewe alikuwa hakipendi. Mwacheni hivyo hivyo, amependeza."

Fundi aliiangalia kazi yake. Ngozi ile ilikuwa kama utando wa maziwa yaliyopoa. Yeye na dada walikuwa rangi moja. Akauweka mkono wake kando ya lile shavu, ukaonekana mkono wa ukoo mwingine. Rangi aliichota kwenye picha alizokwisha kuzing'arisha mwenyewe, kisha mkono kwa mazoea ukaing'arisha tena. Na kile kidoa alikuwa amekifuta mwaka baada ya mwaka, kwa mkono huu huu, hata sasa hakukumbuka kilikuwa chini ya jicho lipi.

Alikwenda bafuni akatapika chai yote. Akanawa mikono mara tatu, na harufu ya sabuni ikamrudisha kuinamia sinki.

Kesho yake alifika studio kabla ya wengine, akapekua kompyuta zote tatu akitafuta mbichi moja tu ya dada. Hakuna. Ijumaa zote zile, aliyebonyeza kufuta ni yeye. Simu ya dada alikwisha kuipekua usiku, akakuta mtoto anakula, mtoto analala, mtoto kavaa viatu vya mama yake. Mpiga picha, dada mwenyewe, hakuwemo hata kwenye moja.

Bosi aliingia na biskuti zake. "Mbichi ya marehemu? Unataka kumtisha mtoto?"

Nakala ilikuwa tayari inaning'inia dirishani. Fundi aliishusha, akaikunja mara mbili, akaisukuma kwenye ndoo ya taka juu ya maganda ya machungwa. Bosi akabaki kinywa wazi, na kilichomo kikionekana.

"Kuanzia leo nitapiga picha tu," fundi akasema. "Kusafisha mtafutie mwingine."

Siku hizi mtoto akitoka shule anapitia kwa mama mdogo. Anapanda mapajani, anaweka kidole kwenye uso wa mama yake huyu mdogo, na kidole kinatoa amri. "Hapa, chini ya jicho la kulia. Shuka. Umeipitisha." Fundi anachora bila picha yoyote mbele yake, na rangi anaipima kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akipita anasema wanamharibu mwanawe, kisha anavuta kiti akae aone.

Jicho la kulia limekwisha. Mdomo bado, kwa sababu mtoto anasema jino moja lilipanda juu ya jingine, na fundi hakumbuki.