Upande Uliozidi

Mwaka ule watu wa vijiji vya ujamaa karibu na Mugumu, miaka minne tangu wahamishwe na kupangwa kwa mistari kama mahindi, walianza kuzionea haya kuta zao tupu. Wengine walibandika kalenda ya mwaka juzi, wengine kurasa za magazeti, wakitumia uji wa muhogo. Lakini mwenye picha yake halisi aliipeleka Mugumu kwa Maftah, fundi wa fremu.

Maftah alijua kazi, tusimnyime haki yake. Aliranda mbao zikateleza, akaunga kona bila kuacha mwanya wa kupita hata unywele. Kitu kilichomshinda ni kuuliza. Baba yake alitoka Tanga na biashara ya nguo, na Maftah mwenyewe alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili hapo Mugumu, tena ameoa hapo hapo. Aliona akianza kuuliza mambo ya Wakurya ataitwa mgeni upya. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na jina la kulinda sokoni.

Siku moja akaja Nyangi, mama mmoja wa Morotonga, na picha aliyoifunga ndani ya kitambaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama."

"Nimeleta picha. Ndiyo hii moja tu tuliyo nayo. Nataka mwanangu aione ukutani kila akiamka."

"Iache hapo. Njoo Jumatano."

Picha ilikuwa na watu watatu. Katikati alisimama Nyangi, enzi za usichana wake. Kulia kwake alikuwapo mwanamume wa makamo mwenye koti la vifungo vitatu. Kushoto, pembeni kabisa, bibi kizee.

Kioo mwaka ule kilikuwa adimu kuliko sukari. Maftah alibakiwa na kipande kimoja, masalia ya dirisha lililovunjika, na alipokilaza juu ya picha kikapungua vidole vitatu. Fundi mwingine angesubiri. Maftah alitazama picha, akaona mume, akaona mke, akaona na kizee aliyejipenyeza kwenye picha ya watu, kama wazee wanavyopenda. Akaweka rula, akapitisha kisu. Ule upande uliozidi akauwashia jiko la kuyeyushia gundi.

Jioni mkewe, Sophia, alileta chai karakanani, akaiona fremu mezani.

"Huyu si Nyangi wa Morotonga? Mokami yuko wapi?"

"Mokami yupi?"

"Mama aliyemwoa."

Maftah akacheka. "Mumewe si huyu hapa mwenye koti?"

Sophia aliweka birika chini. "Huyo ni Mniko, jirani yao. Mokami hakujaliwa mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa Nyangi, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mniko alichaguliwa tu kuzaa nao. Nyumba ntobhu hiyo, Maftah. Miaka yote hii hujaisikia?"

Alikuwa ameisikia. Neno lilimpitia masikioni mara mia, na mara zote alitikisa kichwa kama anayeelewa.

"Mokami alikufa mwaka ule wa kuhamishwa," Sophia akaendelea. "Binti wa Nyangi alizaliwa baada ya msiba, akapewa jina lake. Hicho kipande ulichokata kiko wapi?"

Maftah alitazama jiko. Chai ikapoa bila kuguswa.

Hadi Jumatano alikuwa ameapa mara tatu kusema kweli. Nyangi akafika, amebeba jogoo wa ujira. Aliipokea fremu kwa mikono miwili, akaitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba aliyepotea amejificha huko.

"Fundi. Mama yuko wapi?"

Na ulimi wa Maftah, ambao haukuwahi kuuliza, ukajua kudanganya. "Mchwa, mama. Upande ule ulikuwa umeliwa. Nilipougusa ukawa vumbi."

Nyangi alipitisha kidole kwenye ukingo wa fremu. Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Basi ni mimi. Siku ya kuhamishwa niliichomeka kwenye nyasi za paa, nikaisahau wiki mbili. Alinipa niitunze, nami nikawapa mchwa." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe umejitahidi, fundi. Umeokoa ulichoweza."

Akamwachia jogoo, akaondoka.

Kukata picha ya watu lilikuwa kosa, na fundi yeyote hukosea. Lakini sasa alikuwa amemtwisha mama wa watu dhambi asiyoitenda, na mama huyo amemshukuru. Maftah hakumchinja yule jogoo. Kila alipowika, Maftah alijiona mwizi. Siku ya tatu alimkamata, akamtia kwapani, akashika njia ya Morotonga kwa miguu.

Fremu aliiona mara alipoingia. Ilikuwa ukutani, imegeuzwa uso. Nyangi alikuwa akichambua mtama, na binti yake mdogo ameketi kando yake.

"Hapakuwa na mchwa," Maftah alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Picha yako ilikuwa nzima. Kioo kilikuwa kifupi, nikamkata mama yako, nikamchoma kwenye jiko. Nilidhani mume ni yule mwanamume. Wewe huna kosa lolote."

Alingoja matusi. Aliyatamani. Nyangi aliendelea na mtama wake hadi ungo ukawa safi, kisha akauweka chini.

"Mimi uso wake ninao," alisema, akijigusa kifua. "Huyu hana. Ananiuliza kila siku, huyo mwenye jina langu alikuwaje, nami nikamwambia angoje, fundi analeta." Akamsogeza mtoto mbele. "Mimi nikimweleza, atadhani ni hadithi zangu. Wewe uliishika picha mkononi, wa mwisho kumwona ni wewe. Mwambie. Alivaa nini? Alikuwa amecheka, au amenuna?"

Maftah alifungua mdomo. Lile koti la Mniko alilikumbuka vizuri. Alikumbuka hata mahali kisu kilipopita, kando ya bega la Nyangi. Mtoto alimkazia macho, akisubiri.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sikumtazama."

Yule mtoto Kiswahili kilikuwa bado hakijamfika. Akamgeukia mama yake kuuliza fundi amesema nini, na Nyangi akamtafsiria kwa Kikurya, neno kwa neno.