Manyolia za Kwenye Mapipa

Miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, hapakuwa na mtu Élisabethville aliyezipenda manyolia za Bwana Edouard kuliko Anaclet, mtunza bustani wake. Hata Bwana mwenyewe hakumfikia. Miti hiyo ililetwa kwa treni kutoka kusini, ikapandwa katika mapipa ya divai yaliyokatwa nusu, maana ingetiwa ardhini mchwa wangeimaliza mizizi. Anaclet ndiye aliyetoboa mapipa chini, akatandika kokoto, akajaza udongo mweusi wa majani yaliyooza aliouchimba porini, njia ya Kipushi. Mti wa kwenye pipa hauwezi kujitafutia maji. Alikuwa akiumwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayelisha mgonjwa, na ulipochanua maua yake meupe, mapana kama bakuli, wazungu walikuja kunywa kahawa barazani wautazame.

Mumba, kaka wa mkewe Albertine, alikuwa mpishi pale pale. Anaclet ndiye aliyemwombea kazi.

Siku moja mchana mbingu ilitanda nyeusi, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Bwana akafoka mapipa yaingizwe barazani. Mumba aliacha sufuria jikoni akaja kusaidia. Wakiwa ngazini, pipa kubwa kuliko yote likawaponyoka. Likabingirika, pete zake za chuma zikafyatuka, mbao zikaachana, na mti ukavunjika shinani.

Bwana Edouard alingoja mvua itulie. Kisha akatoka na kiboko, akamtupia Anaclet miguuni.

«Weye, piga yeye.»

«Bwana, pipa ilitutoroka siye bote. Huyu ni shemeki yangu.»

«Piga! Ama bote mutalala buloko ya polisi leo!»

Mumba alikuwa amekwisha kulala kifudifudi matopeni. Anaclet akaokota kiboko. Pigo la kwanza alilipunguza, naye Bwana akamzaba kofi la shavu. La pili akalishusha kweli. Baada ya hapo mkono ukakolea. Akawa anapiga kama mtu anayetwanga, amemchukia Mumba kwa kule kulia kwake, anataka tu ile sauti inyamaze. Ngozi ikapasuka. Damu ikatiririka katikati ya mawe ya mvua yaliyokuwa yakiyeyuka. Ndani, Madame Simone, mke wa Bwana, akafunga dirisha.

Jioni Albertine alimwosha kaka yake mgongo kwa maji ya chumvi. Kisha akamwacha mumewe. Alifunga nguo zake akahamia kwa Mumba.

Jumapili, wageni wakiwa barazani, Anaclet aliingia kwa lango la mbele, shoka mkononi, bila salamu. Mti wa kwanza ukaanguka juu ya meza ya kahawa. Akapasua pipa lake, udongo ukamwagika vigaeni. Akauendea wa pili, uliobaki. Wanawake walipiga mayowe. Bwana Edouard akamrukia kwa nyuma akamkaba. Anaclet akageuka, akamtwanga mpini mdomoni, na Bwana akaenda chini akitema meno. Alikuwa hapo chini, shingo nyekundu i wazi, na shoka lilikuwa juu. Anaclet aliitazama ile shingo. Kisha akayashusha makali kwenye mti wa mwisho.

Polisi walimkuta amekaa sakafuni. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, pale pale kwenye maua, wageni wakitazama.

Alipotoka gerezani alikuwa mifupa mitupu. Hakupitia kwake; alikwenda moja kwa moja mtaa wa Kamalondo, kwa Mumba, akamkuta anapasua kuni uani.

«Shemeki,» akasema, «ile miti nilikata yote. Juu yako, kwa ajili ya ile mugongo.»

Mumba hakumwangalia. «Miti haikunipiga. Ni weye njo ulinipiga.»

«Bwana alinilazimisha.»

«Bwana alisema basi. Nilimusikia na hii masikio yangu. Alisema basi, weye ukaendelea.»

 Anaclet hakukumbuka kusikia neno hilo, lakini alijua ni kweli.

Mumba akatupa shoka kando, akaja na ngumi. Anaclet hakuinua mkono. Alianguka, akainuka, akapigwa tena, akainuka, damu ikamjaa machoni. Albertine akatoka mbio ndani ya nyumba, akamkumbatia kaka yake kiunoni akamvuta nyuma.

«Inatosha, yaya, kaka yangu! Unataka kumuua?»

Mumba aliacha, akihema. «Usiniite tena shemeki,» akamwambia Anaclet, akaingia ndani.

Albertine alimfuta mumewe uso kwa pindo la kikwembe chake, si kwa upole.

«Twende kwetu,» akasema. «Lakini siku utamupiga muntu tena, mukubwa ao mutoto, mi naenda na sirudie.»

Akatangulia. Anaclet akamfuata nyuma, akiushika mkono wake mbovu kwa ule mzima.