Benzi la Mzee Sadiki na Kigari cha Majidi

Maua alikwisha kuamua kubadilishana magari kabla Majidi hajafika. Stashahada yake ya afya ilimzoesha kuandika kabla ya kusema, basi aliandika: kigari kidogo kinawaka kwa kubonyeza kitufe, kinakunywa mafuta kidogo, na viti vyake viko juu, mgonjwa haingii kwa kuvutwa. Benzi la mumewe, la mwaka sabini na tisa, lilikuwa na viti vya ngozi, urembo wa mbao mbele ya dereva, na kiu isiyokatika. Kipuri kikifa, mnangoja kingine kitoke Dar.

"Gari kwa gari, Mama Yasmini, hakuna nyongeza," alisema Majidi, dalali wa magari. "Benzi nalitaka la kubebea maharusi."

"Punguza maneno. Kwanza acha nikijaribu na mgonjwa."

Mzee Sadiki alipigwa na kiharusi mwezi wa pili, kikamwachia neno moja tu linalotoka safi: marahaba. Hospitali walisema neno hilo litayavuta mengine, mradi alitumie kila siku. Likizoea kulala, nalo litakwenda. Kwa hiyo kila asubuhi Maua alimzungusha mjini kwenye Benzi, na kila asubuhi mzee alilisema mara ishirini, mara thelathini.

Kwenye kigari Sadiki aliingia mwenyewe. Majidi akakaa nyuma. Wakapita sokoni, wakapita stendi, wakakata kona ya msikiti. Marahaba haikutoka hata moja.

"Baba Yasmini, kiti kinakuumiza?"

Akatikisa kichwa.

Maua akazima kiyoyozi. Akawasha redio, akaizima. Labda ngurumo ya Benzi ndiyo iliyokuwa ikimwamsha? Au ile ngozi ya viti? "Dawa umemeza, uji umekunywa. Sasa nini?"

"Labda anakisikiliza," alisema Majidi. "Hiki hakina kelele."

"Nyamaza, nafikiri."

Walifika kwa mafundi baiskeli, vijana ambao Benzi likiwa bado mbali huacha kazi na kupaza sauti, "Shikamoo, Mzee Sadiki." Leo waliinua macho, wakaona vioo vyeusi, wakarudi kwenye minyororo yao.

Maua akafunga breki. Tangu asubuhi hakuna aliyemwamkia mzee. Angeitikia nini? Lakini hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi: watu wa mji huu, miezi yote hii, walikuwa wakimwamkia mumewe au wakiliamkia Benzi?

Akashusha kioo. "Nyie, adabu mmeziacha wapi? Mzee si huyu hapa?"

Fundi mmoja akajifuta grisi, akasogea. "Tusamehe, mama, tulidhani ni mgeni. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Sadiki.

Kisha akatazama usukani, akatazama kitufe cha kuwashia. Midomo ikahangaika. Maua alikwisha kuizoea hali hiyo, huishia mate tu.

"Gari... la nani hili?"

Fundi akacheka kwa furaha. Majidi akajipenyeza katikati ya viti. "La kwenu, mzee, mama akikubali tu."

Maua hakumgeukia. Kama ni kigari kilichoyatoa maneno haya mapya, akichukue. Kama ni kulikosa Benzi, alibakize. Alimtazama mumewe usoni.

"Sijui, Baba Yasmini," alisema. "Hebu uliza tena."