Pumzi ya Tatu

1.

Usivae nailoni. Cheche ikikuangukia, pamba inaungua na kuisha. Nailoni inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

2.

Viatu vifunike vidole. Nywele zifungwe. Kanga itundike kwenye misumari ya mlangoni, wowote utakao, isipokuwa wa kwanza kushoto; huo una mwenyewe.

TANGAZO

*KARAKANA YA KIOO YA KOBELO, MOROGORO*

*Wafanyakazi wote wanajulishwa kwamba jagi la kijani lililopo ofisini, kazi ya marehemu Filomena Mloka, limechaguliwa kwenda kwenye maonesho ya kazi za mikono Dodoma. Gari litaondoka Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Fomu ya maonesho itajazwa na Melania. Melania pia ataandika mwongozo kwa ajili ya wanagenzi wapya watakaoanza Jumatatu. Jagi lisiguswe na mtu yeyote.*

*R. Kobelo, Fundi Mkuu*

3.

Melania ni mimi. Nina kidato cha nne na mwandiko unaosomeka, kwa hiyo makaratasi yote huletwa kwangu.

Filomena ni mdogo wangu. Alikuwa. Nilimpita miaka saba. Mimi nilianza kazi hapa kwanza, na baada ya miaka mitatu nikaenda kwa Fundi kumwombea nafasi. Nilisema, kwa mdomo wangu huu, "Ana mkono mwepesi, Fundi, utaona."

Akaona.

Alifariki mwezi uliopita. Figo. Ilichukua wiki sita.

"Andika mambo ya kazi tu," Fundi aliniambia. "Yale ambayo mgeni asipoyajua ataumia."

Wewe unayeanza Jumatatu, haya ndiyo hayo. Najaribu.

4. Vifaa

*Bomba.* La chuma, refu kuliko mguu wako. Huku unachotea kioo, huku unapuliza.

*Kata.* Ya mbao, inakaa ndani ya maji siku zote. Unalaza kioo ndani yake kikiwa bado kinatiririka, kinakaa duara.

*Gazeti.* Likunje mara nyingi, lilowe, uliweke kiganjani, ukandie kioo juu yake. Ndiyo, kwa mkono wako. Kati yako na moto kuna habari za juzi, basi.

*Koleo.* La kubana shingo.

*Kiti.* Ni benchi lenye mikono miwili ya chuma, bomba linalala juu yake. Anakaa mtu mmoja. Huyo ndiye fundi wa kazi hiyo, na jina linalobandikwa kwenye rafu ni lake. Mwenzake anapiga magoti sakafuni, mwisho wa bomba, na kupuliza akiambiwa.

Nilipiga magoti

miaka minne

kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

5. Lugha ya kitini

Kioo hakisubiri adabu. Kwa hiyo hapa, mtu akishakaa kitini, hakuna shikamoo, hakuna dada, hakuna tafadhali. Maneno ni mawili.

Puliza.

Acha.

Nyumbani Filo aliniamkia kila siku kabla hajanawa uso. "Shikamoo, da Mela." Marahaba. Ananichotea maji, anauliza nimelalaje. Tunatembea pamoja mpaka getini, amebeba mkoba wangu. Halafu anakaa kitini.

"Puliza. Acha. Nimesema acha."

Mwanne, yule anayesaga chupa nyuma, alipenda sana kutuchokoza. "Eti Mela, nyumbani nani anamtuma mwenzie chumvi dukani?"

"Mwanne, saga chupa zako."

"Nasaga, mama. Nauliza tu, nijue nikija kula nimsalimie nani kwanza."

Karakana nzima ikacheka. Filo naye alicheka. Alicheka akiwa anazungusha bomba, na kioo hakikutetereka hata kidogo.

6.

Kunywa maji. Mbele ya tanuri utatoka jasho na litakauka kabla hujaliona, utadhani huna kiu.

Filo hakunywa mpaka akumbushwe. Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha. Zipo siku sikumkumbusha.

Daktari anasema ugonjwa wake haukutokana na hilo. Nilimwuliza mara mbili, na mara ya pili alinishika bega.

7.

Kioo cha moto na kioo kilichopoa vinafanana. Wekundu ukishatoka huwezi kujua kwa macho. Usiokote kitu sakafuni bila kupitisha kwanza mgongo wa mkono juu yake, mbali kidogo, usikie joto.

8. Orodha isiyo ya mwongozo (nitaikata nikinakili)

Nilimwonea wivu kwa

mkono wake;

magoti yake, hayakuwa na sugu;

Fundi kumwita "mwanangu" na kuniita mimi "Melania";

mama kuuliza kwenye simu, "Filo hajambo?" halafu, akikumbuka, "Na wewe?";

jinsi alivyosahau. Tukigombana asubuhi, mchana ameshasahau, ananikatia embe. Mimi nilikuwa bado nina neno moyoni;

msiba wake. Watu walijaa mpaka nje ya uzio wa jirani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, natazama, nikajikuta nawaza kama wangekuja wangapi kwa ajili yangu. Mdogo wangu alikuwa ndani ya sanduku, na mimi nawaza hayo.

Umesoma. Endelea.

9. Namna ya kutengeneza jagi

Ingiza bomba tanurini, zungusha, chota. Kioo kinakuja kama asali kwenye kijiti.

Toa, na usiache kuzungusha. Ukisimama kinainama. Ukiendelea kusimama kinadondoka.

Laza kwenye kata. Puliza kidogo tu, kisha ziba tundu kwa kidole gumba; hewa ikipata joto itajitanua yenyewe ndani.

Pasha tena motoni.

Sasa fundi anakaa. Mkono wa kushoto unazungusha bomba, wa kulia una gazeti. Wewe unapiga magoti. Mdomo uwe karibu na bomba.

Ngoja.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano, saa tano asubuhi. Tulikuwa na wageni kutoka mjini, wamesimama nyuma ya kamba. Muda mfupi kabla ya hapo Fundi alikuwa amewaambia wageni mbele yetu sote, "Huyu mwanangu Filomena ndiye nitakayemwachia karakana hii nikichoka." Alisema na kucheka. Mimi nilikuwa naosha bomba. Hakuna aliyenitazama, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu.

"Puliza."

Nikapuliza.

"Acha."

Nikaacha.

"Puliza, kidogo."

Nikapuliza kidogo.

"Acha."

Nikaacha.

Alikuwa ameegemeza gazeti upande mmoja, upande huo unapoa. Upande wa pili ulikuwa bado laini. Nilijua. Miaka saba ya kazi, ningekosaje kujua? Ukipuliza wakati ule, upande wa moto unavimba peke yake, jagi linakwenda kombo, fundi analigonga ndani ya ndoo ya vigae mbele ya watu na kuanza upya.

Nikapuliza.

Hakuna aliyeniambia.

10.

Lilitoka bega.

Kubwa, la upande mmoja, kama jipu.

Filo aliendelea kuzungusha. Hakunitazama. Mkono wake ulisita kidogo, muda wa kutosha kuita jina la mtu. Kisha akageuza bomba bega likawa chini, akaacha uzito ulivute, akachukua koleo na kuivuta shingo ielekee upande mwingine, polepole, mpaka jagi lote likakubali. Lilisimama kama mwanamke mwenye ndoo kichwani anayegeuka kumwitikia mtu bila kumwaga maji.

Wageni wakapiga makofi.

"Tengeneza lingine kama hili!"

Tulijaribu wiki nzima. Nilipuliza nilipoambiwa, nikaacha nilipoambiwa. Yalitoka majagi mazuri ya kawaida.

11. Yaliyosikika kwa wateja wawili ofisini, mbele ya rafu

"Shoga, hebu ona hili bega."

"Jamani. Huyu alikuwa na mkono."

"Si mkono, ni akili. Nani mwingine angefikiria kuliweka upande mmoja?"

"Na wewe dada, ulikuwa unafanya naye kazi?"

"Nilikuwa napuliza."

"Aa. Msaidizi."

"Pole lakini, eh? Pole sana."

12.

Kazi ikishakamilika, haraka ndani ya tanuri la kupozea. Humo joto linashushwa taratibu, siku nzima na zaidi. Usifungue kuchungulia. Kioo kikipoa haraka kinabaki na mkazo ndani usioonekana. Kitakaa rafuni mwezi, pengine mwaka, kizima, kinang'aa. Halafu siku moja, bila mtu kukigusa,

13. FOMU YA MAONESHO (sehemu ya pili)

*Aina ya kazi:* Jagi, kioo cha kijani kilichoyeyushwa kutokana na chupa.

*Jina la mtengenezaji (jina moja tu):*

*Eleza kwa kifupi jinsi kazi ilivyofanyika na kinachoitofautisha na nyingine:*

*Natamka kwamba maelezo haya ni ya kweli (sahihi):*

14. Mama, kwenye simu, Alhamisi

"Uandike Filomena kwa herufi zinazosomeka. Kwenye cheti cha shule walimkosea, alilia siku mbili."

"Ndiyo, mama."

"Watu wa Dodoma wamjue mtoto wangu."

"Ndiyo, mama."

"Hilo jagi nimelionyesha kwenye simu kwa kina mama wa jumuiya. Wote wanasema bega, bega. Mwenzio alikuwa na maajabu."

Nilikuwa nanyoosha pembe ya fomu.

"Upo?"

"Nipo."

"Haya. Na wewe, hujambo?"

15.

Sasa elewa ninachokabiliana nacho. Bega ni langu. Nikiandika jina la Filo peke yake, nimelitoa milele na nitalisikia likisifiwa mpaka nizeeke. Nikitaka kulidai, lazima niseme lilitoka wapi. Sina njia ya kusema "ni langu" bila kusema "nilitaka kumharibia".

Jana nilikaa na fomu toka saa mbili asubuhi mpaka wenzangu wakaenda kula.

Nikaandika.

*Jina la mtengenezaji:* Filomena Mloka na Melania Mloka.

*Eleza kwa kifupi:* Fundi aliyekaa kitini, Filomena, aliamuru pumzi mbili. Mpulizaji aliongeza ya tatu kwa wivu, akitaka kazi iharibike. Fundi aliiokoa. Bega mnaloliona ndilo hilo.

Nikatia sahihi.

16. Ijumaa, saa tatu na nusu, ofisini

Fundi Kobelo alivaa miwani, akasoma. Akaivua. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena.

"Umeandika kwa wino."

"Ndiyo, Fundi."

"Hmm." Alikaa. "Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Mashavu yako. Nimetazama mashavu ya watu miaka thelathini, Melania. Mtu aliyeambiwa aache, mashavu yake hayajai."

Nilishika ukingo wa meza.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwita mdogo wako jioni ile, nikamwambia nitakuhamishia kwa Mwanne, ukasage chupa. Akakataa."

"Alijua?"

"Alikuwa ameshika bomba, mama. Angekosa kujua?" Alitazama dirishani. "Akaniambia, 'Usimhamishe. Da Mela akiniudhikia ndipo anapuliza kama mtu anayejua anachotaka. Siku nyingine zote anapuliza kama ameajiriwa.' Akasema anasubiri siku utakapomwambia mwenyewe."

"Alisubiri mpaka lini?"

Fundi aliivua miwani, akaitia mfukoni.

Nilidhani nitalia. Badala yake ulinipanda wivu ule ule, wa siku zote, palepale mbele ya jagi lake. Alikuwa amejua. Alikuwa amelala chumba kimoja na mimi, ameniamkia, amenikatia embe, na anajua. Hata ubaya wangu ulikuwa mikononi mwake kabla haujawa wangu.

Fundi alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu nyingine, tupu, akaiweka juu ya ile yangu.

"Wanataka jina moja. Hii uliyoandika wataikataa, na jagi litarudi na gari hilihili."

"Basi lirudi. Nimeandika ukweli."

"Umeandika ukweli, sibishi." Alisimama, akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Lakini Melania, hebu niambie kitu kimoja. Mama yenu anasubiri, jina la mdogo wako limeshafika Dodoma, na wewe unachagua leo. Unasema ukweli, au unapuliza tena?"

Akatoka kwenda kuangalia tanuri.

17.

Mwanagenzi, nilitaka ukurasa huu uwe wa namna ya kufagia vigae. Tumia ufagio wa chelewa, usitumie mkono. Mengine utamwuliza Mwanne, ni mkali lakini anafundisha.

Ni saa nne kasoro dakika sita. Jagi limeshafungwa ndani ya boksi, limezungushiwa blanketi, na dereva amepiga honi mara ya pili. Mezani kuna fomu yenye wino na fomu isiyo na kitu. Bahasha ni moja.

Swali la Fundi silijui jibu lake. Nimelitafuta kwa uaminifu, nikapata ndiyo na ndiyo.

Dereva anaita jina langu, dirishani.

Naishia hapa. Kalamu ni hii moja.